Kuumia Kazini

Ukitaka kunipandisha hasira sasa hivi, kabla chai haijapoa, niambie neno moja tu: tuchague.

Juzi waliniita kwa mkutano huko Gatongora. Kijana mmoja, shati limepigwa pasi likanyooka, akasimama mbele yetu akasema serikali inataka kila mtu atibiwe, tajiri kwa maskini, lakini haiwezi kulipia kila kitu kwa mara moja. Kwa hivyo sisi wananchi tuchague huduma gani ziingie na gani zingoje. "Chagueni kwa uhuru, wazazi wangu," akasema. Mimi nikasimama. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ugonjwa hungoja. Watu wakacheka. Akaniambia, "Shosho, kaa chini kwanza, zamu yako itafika." Zamu yangu! Nikachukua fimbo yangu nikaenda zangu, kwa maana ningebaki ningemtandika nayo, na mtoto wa watu hakuwa na makosa. Mwenye makosa ni hilo neno. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, na wale waliolisema siku ile wamekufa wote, na bado sijawasamehe.

Tulikuwa tunakaa laini, mimi na dada yangu mkubwa. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, zimepangwa mlango kwa mlango, ukikohoa jirani anakuambia pole kupitia ukutani. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, na pasi ilipitia kwa nyapara mkuu. Akitaka ulienda, asipotaka ulikaa. Shemeji yangu, mume wa dada, alichukuliwa asubuhi moja na askari akapelekwa kizuizini, akamwacha dada na mimba changa.

Na mimba hiyo haikuwa ya kwanza. Ile ya kwanza, mume angali nyumbani, dada alishikwa na uchungu, mkunga wetu wa laini akahangaika naye mchana kutwa. Mwishowe akatoka nje akijifuta mikono kwa leso, akasema, "Huyu nyonga zake ni nyembamba. Apelekwe Thika kwa daktari. Mimi hapa nitamuua." Shemeji akakimbia kutafuta pasi. Nyapara mkuu alikuwa anakula. Akasema akimaliza ataandika. Alimaliza, akanawa mikono, akanywa maji, akachokonoa meno, ndipo akakumbuka kuuliza kalamu iko wapi. Walipofika Thika na mkokoteni wa ng'ombe, mtoto alikuwa ameshafia tumboni, na dada mwenyewe aliponea chupuchupu. Daktari alimwambia bila kuzunguka: ukibeba tena, uletwe hapa mara tu uchungu unapoanza, la sivyo mtakufa wote wawili.

Mkunga naye aliniangalia mimi, msichana ambaye hata posa sijaletewa, akaniangalia kiunoni akaguna. "Na wewe ni vile vile," akasema. "Nyinyi ni wa tumbo moja."

Basi fikiria tulivyofurahi tuliposikia shamba linafungua dispensari. Ilikuwa nyumba ndogo ya mabati iliyopakwa chokaa, karibu na fakitori ya kahawa, na ndani dresa mmoja, yaani mfunga vidonda, mwenye koti jeupe na kiburi chake. Na juu ya hayo, mgonjwa aliyemshinda dresa angepelekwa Thika na lori la shamba, bila kuomba pasi. Bila pasi! Dada aliposikia hilo alikaa kitandani akashika tumbo, akasema, "Huyu ataishi."

Lakini Bwana, yaani mzungu aliyesimamia shamba, akasema dawa ni chache na lori ni moja. Akaita kamati ya wazee ichague magonjwa ya kuingia na ya kubaki nje. Wazee wenyewe walikuwa nyapara mkuu, karani wa ofisi, mzee wa kanisa, na dresa. Mimi niliitwa kuwamiminia chai. Ndiyo maana nilisikia yote, nimesimama pale na birika kama mtu asiye na masikio.

Ngai! Sijawahi kuona wanaume wakijisikia hivyo. Watu ambao jana yake walikuwa wakivua kofia mbwa wa Bwana akipita, leo wamekaa kwa viti wanagawa uzima. Homa ikaingia haraka, kwa sababu homa ilikuwa ikiwaangusha watu wengi wakati wa kuchuma. Kukatwa na panga kukaingia. Kuumwa na nyoka, kuhara damu, sawa, sawa. Meno yakatupwa nje, ati meno hayazuii mkono kuchuma. Macho ya wazee nje. Kikohozi cha watoto nacho nje, nyapara akasema watoto hawako kwa hesabu ya kazi. Aibu! Watoto hao hao aliwafukuza kila asubuhi wakaokote kahawa iliyoanguka chini ya miti.

Kisha dresa akataja kisonono. Mzee wa kanisa akakohoa, akaangalia dari. Nyapara akajikuna shavu, akasema, "Mwanaume akiwa na hiyo kitu hawezi kuinama. Hawezi kubeba gunia." Na ikaingia. Hivyo tu! Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza mwanaume huyo aliitoa wapi. Nilimimina chai ikafurika kikombe, nikaambiwa niangalie ninachofanya.

Nikasema, "Nimeangalia. Na mwanamke akishikwa na uchungu, yuko wapi hapo?"

Wakageuka kunitazama kama birika ndilo limesema. Mzee wa kanisa akatabasamu, lile tabasamu lake la kugawa sakramenti. "Binti yangu," akasema, "mimba si ugonjwa. Mimba ni baraka."

"Na baraka ikikataa kutoka?"

"Wee!" Nyapara akagonga meza. "Toka nje. Nani alikuita kwa kamati? Bure kabisa!"

Nikatoka. Birika nililiacha mezani, wajimiminie wenyewe kwa mikono yao ya kugawa uzima.

Matokeo ya kamati tuliyasikia asubuhi, tukiwa tumepanga mistari kuitwa majina. Karani ndiye aliyetangaza. Lazima niwaambie kuhusu huyu karani, kwa maana kila kitu kilikuja kugeukia mdomo wake. Alikuwa kijana wa kwetu kabisa, mama yake alilima viazi kama mama yangu, lakini alikuwa amefanya kazi Mombasa akarudi na Kiswahili cha kutuchekea. Sisi watu wa bara, kuumia ni kuumia. Kidole kikikatwa unaumia, tumbo likisokota unaumia, mtu akikufia unaumia. Ukienda kwake ofisini kuomba ruhusa useme, "Karani, naumia tumbo," alikuwa anaangua kicheko mbele ya watu. "Tumbo linakuuma! Huumii tumbo! Kuumia ni kupata jeraha. Nyinyi mtajifunza lini?" Na hapo umejikunja kwa maumivu, unafundishwa lugha.

Siku hiyo Bwana alisema maneno yake kwa Kizungu, karani akayageuza. Akayataja magonjwa yaliyoingia, akayataja yaliyobaki nje, na kuzaa akakuweka nje. Halafu akapaza sauti, "Na mwisho. Mtu yeyote atakayeumia kazini, huyo ni mgonjwa wa shamba. Lori litampeleka Thika, hakuna kuuliza pasi."

Dada alikuwa amesimama mbele yangu. Nikaona shingo yake ikinyooka.

Tulipofika kwenye mistari ya kahawa, hakuna nyapara karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umesikia alivyosema? Hakusema atakayekatwa. Hakusema atakayeanguka. Amesema atakayeumia. Sasa niambie, mtoto wa mama, mimi uchungu ukinishika nitakuwa naumia ama siumii?"

"Utaumia sana."

"Haya. Basi nitaumia kazini."

Nilicheka nikadhani ni mzaha. Hakuwa anacheka.

Mavuno yalikuwa yamekolea, kahawa imeiva mpaka matawi yameinama, siku uchungu ulipomshika. Aliniamsha kabla ya kengele. "Imeanza," akasema. Nikataka kumwita mkunga, akanishika mkono akanikaza mpaka nikaona nyota. Akibaki nyumbani, akasema, yeye ni mwanamke anayezaa tu. Lazima aitwe jina, lazima aitikie, lazima kahawa iwe ndani ya kikapu chake. Akaosha uso, akafunga kitambaa kichwani vizuri kama anaenda kanisani, akatoka.

Tukasimama kwa mstari. Jasho lilikuwa linamtiririka na asubuhi ni ya baridi. Nyapara mkuu alipofika kwake akamcheka. "Mama, leo umejaza!" Dada akaitikia, "Ndio, baba," meno yameumana. Jina lake likaandikwa. Nilimfungia kikapu mimi mwenyewe, chini ya tumbo, na nikahisi tumbo lile limekuwa gumu kama jiwe la kusagia. Tukatembea hadi kwenye mistari, yeye akisimama kila mara kama anayetoa mwiba mguuni. Akachuma. Aliichuma kahawa ya watu mpaka sehemu ya chini ya kikapu haikuonekana tena, moja moja, mbivu tupu, hakutaka mtu aje kusema hakufanya kazi. Ndipo akashika mti, akachuchumaa, akapiga yowe.

"Naumia! Naumia! Naumia kazini!"

Wanawake wa mstari wa pili wakalidaka. "Ameumia kazini!" Wa mstari wa tatu nao wakadaka. Lilienda hivyo mpaka chini mtoni, na wengi hawakujua hata ni nani.

Nyapara alikuja akikimbia. Alipomwona dada amechuchumaa, akasimama, akaweka mikono kiunoni. "Damu iko wapi? Umekatwa wapi? Hii si kuumia. Hii ni kuzaa!"

Hapo mori ukanipanda. "Baba," nikamwambia, "ebu chuchumaa wewe hapo karibu naye umuulize kama anaumia au haumii. Jina umeandika mwenyewe asubuhi. Kahawa hii hapa kwa kikapu. Ni kazini hapa ama ni kanisani?"

"Funga mdomo!"

"Sifungi! Kisonono mmekipa lori, dada yangu mnamnyima?"

Wanawake walicheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Mmoja akafungua kikapu chake akakitua chini. Mwingine akatua. Kisha wote. Na kahawa, kama hujui, ikishachumwa lazima ipite kwa mashine siku hiyo hiyo, ikilala inaharibika. Nyapara alijua, sisi tulijua. Akamtuma mtu ofisini mbio.

Bwana alifika na karani nyuma yake, koti mkononi. Bwana alikuwa mwekundu. Akauliza kitu kwa Kizungu, na karani akafungua mdomo kujibu, nami nikamkata jicho. Nikamwambia polepole ili asikose hata herufi, "Karani. Mwambie Bwana neno lile ulilotuambia sisi. Uliambia watu kuumia. Ukisema leo ulikosea, useme na kwamba Kiswahili chako cha Mombasa ndicho kilikosea, mbele ya hawa wamama wote uliowacheka."

Akawaangalia wale wamama. Kiburi chake ndicho kilimwokoa dada yangu, si huruma, na sitampa shukrani. Akamgeukia Bwana akasema sentensi fupi. Sikujua Kizungu, lakini nililiona lori likija linarukaruka katikati ya kahawa. Tukampandisha dada juu ya magunia matupu, na lilipoondoka alikuwa bado amefungwa kikapu.

Alirudi na msichana. Walimpasua pale Thika, wakamtoa mtoto mzima, mnene, analia kwa hasira, wa kwetu kabisa. Nilipomshika mara ya kwanza nililia mpaka nikawaudhi watu. Kwa muda fulani laini nzima ilikuwa na mzaha mmoja tu. Mwanamke akijikwaa, "Naumia kazini!" Mume akirudi amelewa akajigonga mlangoni, mke anamwambia, "Pole, baba, umeumia kazini?"

Furaha yetu haikukaa. Waliotua vikapu walinyimwa posho ya unga wiki hiyo, na mama wawili walifukuzwa shambani na watoto wao na masufuria yao. Kisha kamati ikakaa tena. Safari hii chai ilimiminwa na mtoto wa nyapara. Asubuhi karani akasimama mbele yetu, akachagua maneno yake kama anayechagua mchele. "Mwanamke ambaye mimba yake inaonekana haruhusiwi kukanyaga kwenye mistari ya kahawa. Na kuumia maana yake ni jeraha. Je-ra-ha."

Mzee wa kanisa akaongeza kwamba wametuhurumia, mwanamke mja mzito anahitaji kupumzika. Kupumzika! Hakuna kuchuma, hakuna posho, hakuna lori. Wanaume wanne walikaa kwa viti wakatafuta tundu tulilopitia, wakaliziba kwa huruma. Nilitema mate chini. Dada alinivuta leso nyuma ninyamaze, mtoto mgongoni.

Mwaka huo niliolewa. Mume wangu alikuwa wa kikundi cha kupogoa miti, kwao ni Murera, mtu mpole kuliko nilivyostahili. Nikapata mimba. Ilipoanza kuonekana, nyapara mkuu alinitoa kwenye mstari mbele ya watu, akaninyooshea njia ya nyumbani kwa kiboko chake, na kusema kweli aliona raha. Mavuno yakaja, mimi niko mlangoni nawasikia wenzangu wakichuma.

Uchungu ulinishika jua limeshapanda. Mkunga akaniangalia, akaweka mkono, akakunja uso. "Miguu ndiyo inatangulia," akasema. "Na nyonga ni zile zile." Mume wangu alikimbia ofisini kutafuta pasi, karani akamwambia angoje nyapara mkuu, yuko mashambani. Mtu akapeleka habari kwa dada huko kwenye kahawa.

Alikuja mbio, mtoto mgongoni anarukaruka, kikapu kiunoni. Hakuniambia pole. Alifungua kikapu chake akanifungia mimi. "Simama," akasema. "Twende kazini."

Wanawake walikuwa wamemfuata. Walinishika huku na huku, wengine kwapani, wengine miguuni, mkunga nyuma akilia kwamba tusimame, tusimame. Dada alikuwa mbele. Alikuwa ameshika kahawa mbivu mkononi na kila nikifumbua macho namwona anarudi nyuma kunitupia mbili tatu ndani ya kikapu. Alikuwa anazungumza peke yake, "Amechuma, kahawa yake hii hapa, amechuma."

Nyapara mkuu alikuwa amesimama pale njia inapoingilia kwenye mistari. Aliweka kiboko chake mbele yetu kwa mikono miwili kama anafunga geti. "Huyu haruhusiwi."

"Ni mchumaji!" dada akapiga kelele. "Angalia kikapu!"

"Haruhusiwi. Mnajua."

Dada alikishika kile kiboko. Walivutana. Nami nikasikia ndani yangu kitu kimeachia, nikawaambia wanitue, na wakanitua pale pale njiani, kwenye vumbi. Miguu yake ilitoka kwanza. Nilihisi ikipiga teke, naapa, ilipiga teke mara ngapi sijui. Kisha kichwa kikakwama. Mkunga alifanya alichoweza. Alipotoka kabisa, alikuwa mvulana, na hakuwa anapiga teke tena.

Mtoto wa dada tu ndiye alikuwa analia mgongoni. Nyapara mkuu alivua kofia. Aliangalia chini, kisha akaangalia mti wa kwanza wa kahawa, ambao ulikuwa karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa, na akaniambia kwa sauti ya upole, kama mtu anayetaka tuelewane:

"Mama, hapa si kazini."